Nani Amesema Hapana?

Kuna swali moja ambalo walimu wa maadili hawaligusi sana, kwa kuwa linaonekana dogo: mtu akikosa kitu alichopewa na sheria, wala hakuna aliyemnyima, je, yuko mwenye kosa? Wizi tunaujua. Rushwa tunaijua, na tumeihubiri mara nyingi. Lakini kuna kukosa kunakotokea kimya, kwa sababu karatasi imepungukiwa na sahihi, au barua imefika nyuma ya siku yake. Hakuna aliyesema hapana. Hata hivyo kijana amebaki nyumbani.

Nataka tulitazame swali hili katika nchi ya Marekani, nchi ya mali nyingi na mashini nyingi, tusije tukajidanganya kwamba ni ugonjwa wa nchi maskini tu. Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Jamaa nyingi za Kivu, baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu au ya Nakivale, zilipokelewa huko kama wakimbizi. Watoto wao wakamaliza shule ya sekondari, nao wakatamani masomo makubwa.

Huko masomo ya universite ni ya bei kali. Ndiyo maana, tangu sheria ya mwaka 1965, serikali inawasaidia wanafunzi. Msaada ulio mkubwa kwa maskini unaitwa Pell, kwa jina la seneta Claiborne Pell. Katika mwaka wa masomo 2024-2025 uliweza kufika dola 7,395, wala haurudishwi kama deni. Ni kitu chema sana, tusikisahau tunapolalamika. Lakini mlango wake ni mmoja: karatasi ya maombi iitwayo FAFSA. Humo mwanafunzi na wazazi wake wanaeleza mapato yao, kodi yao, na hesabu ya watu wa nyumbani. Bila hiyo hakuna Pell, na vyuo vingi havigawi hata msaada wao wenyewe kabla ya kupokea habari zake.

Serikali ina haki ya kuuliza. Feza hizo ni za watu wote, na mlinzi wa mali ya watu asiyeuliza neno si mwema, ni mzembe. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu unaanza tunapotazama nani anayebeba mzigo wa kuulizwa. Mtoto wa tajiri, baba yake akilipa yote, hajazi kitu. Mtoto wa maskini anajaza, kisha pengine anachaguliwa ili athibitishe yale aliyojaza. Kwa miaka mingi baadhi ya wazazi ambao mapato yao hayakufikia kuandikishwa kwa kodi walitakiwa kuleta barua ya biro ya kodi yenye kushuhudia kwamba hawakuandikisha lolote. Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Aliye na shamba anaonyesha shamba. Asiye na shamba aonyeshe nini?

Na mkimbizi je? Wakimbizi wengi wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe 1 januari, kwa sababu karani wa kambi alihitaji tarehe, nao hawakuwa na hati. Jina la baba laweza kuandikwa namna moja katika karatasi hii na namna nyingine katika karatasi ile. Mara nyingi mtoto wa miaka 17 ndiye anayemsomea baba yake Kiingereza, na mzee anatia sahihi chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Mimi naiita hiyo imani kubwa.

Wakubwa wa nchi waliona uzito huo. Mwezi wa desemba 2020 ilitoka sheria ya kurahisisha maombi: maswali yaliyopita 100 yapungue hata yasifike 50. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini karatasi mpya, iliyozoewa kufunguliwa tarehe 1 oktoba, ilifunguliwa tarehe 30 desemba 2023, tena kwa saa chache chache. Vyuo vilianza kupokea habari za wanafunzi katikati ya mwezi wa machi 2024, na desturi ni kwamba kijana achague chuo mpaka tarehe 1 mei. Wazazi wasio na namba ya serikali walizuiwa na mashini yenyewe, ingawa watoto wao walikuwa na haki kamili. Watu wakapiga simu. Wakaguzi wa serikali walihesabu baadaye kwamba katika miezi mitano ya kwanza ya 2024 zilipigwa simu milioni 5.4, na milioni 4 kati yake hazikujibiwa. Waombaji wa mara ya kwanza walipungua karibu 9 kwa mia, na waliopungua zaidi ni wa jamaa zenye mapato madogo.

Sasa tuulize: nani amewanyima vijana hao? Karani wa simu? Yeye alijibu alizoweza. Mwenye kutengeneza mashini? Alipewa kazi kubwa na muda mfupi. Wabunge? Walitaka kupunguza mzigo. Kila mmoja ana neno la kujitetea, na pengine kila neno ni la kweli. Lakini tulifundishwa kwamba kuna zambi ya kutenda na zambi ya kuacha kutenda, na hiyo ya pili ina ujanja: watu mia wanaweza kuigawana hata kila mmoja asisikie uzito wake.

Mimi naona kosa liko katika kipimo cha siku. Mwanafunzi alikuwa na siku ya mwisho, akiipita, amekosa. Biro haikuwa na siku inayoiumiza. Mwanafunzi akikosea, mwanafunzi anangoja. Biro ikikosea, anayengoja ni yule yule mwanafunzi. Mapatano yanayomfunga mmoja na kumwacha mwingine huru tungeyaita nini sokoni?

Wengine watajibu: «Avumilie, mwaka ujao ataomba tena.» Neno hilo ni jepesi kinywani mwa mwenye mshahara. Kijana asiye na feza hakai mwaka mzima akitazama barabara. Anaingia kazini, nyumba inazoea mshahara wake, na mwaka ujao haondoki tena. Uvumilivu ni wema wa yule anayengoja. Anayemngojesha hawezi kuudai.

Wala msiseme kwamba asiyejaza hakutaka kusoma. Bettinger na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2008 katika jimbo la Ohio na la North Carolina, katika biro za watu wanaosaidia kutengeneza kodi. Jamaa nyingine walisaidiwa palepale kujaza maombi, kazi ya dakika chache tu. Nyingine waliambiwa tu kiasi cha msaada ambacho wangeweza kupata. Kwa wale waliosaidiwa, watoto waliofika kusoma miaka miwili ya chuo walipanda kutoka 28 mpaka 36 kwa mia. Kwa wale walioambiwa tu, hakuna kilichobadilika. Basi kilichokosekana hakikuwa hamu, wala habari. Alikosekana mtu wa kuketi pamoja nao mezani.

Mwezi wa desemba 2024 ilitoka sheria nyingine, fupi: karatasi ifunguliwe kila mwaka kabla ya tarehe 1 oktoba kupita, na waziri awaambie wabunge mapema kama siku hiyo itashika au haitashika. Haikuongeza dola hata moja. Iliweka siku tu, na safari hii iliiwekea biro. Mwaka 2025 maombi yalifunguliwa mwezi wa septemba. Juu ya wale waliomaliza sekondari mwaka 2024 wakaenda kutafuta kazi, haikusema neno.