Mvua za kwanza za Oktoba
Mjini Fungurume, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, Oktoba ni mwezi wa joto kali na mvua zisizoaminika. Kiangazi kilichoanza Mei kinaisha, miti ya miombo imekwisha kuchipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza, na mchana mawingu hujikusanya juu ya vilima vya shaba. Wingu moja huweza kulowesha mtaa mmoja na kuuacha wa jirani na vumbi lake. Ndiyo maana utabiri wa jimbo zima haumtoshi mkulima mwenye shamba moja. Naye hasara humuuma kweli: punje ya mahindi iliyofukiwa baada ya manyunyu huvimba, hutoa mzizi mdogo mweupe, kisha hukauka jua likirudi kwa wiki mbili. Ni heri kubakiza mbegu nyingine hadi Novemba, mvua zinaposhika.