Gari la Vita Uani, na Mtu Aliyekuwa Gari

Je, ni sawa mtu kupenda chombo cha vita?

Nauliza kwa sababu huku kwetu Cheptiret, safari fupi ya matatu kutoka Eldoret ukielekea Nakuru, kuna wazee wanaotunza Land Rover za zamani kama wengine wanavyotunza ng'ombe wa gredi. Baadhi zilikuwa za polisi au za jeshi kabla ya kuuzwa kwa mnada. Jumapili baada ya kanisa zinatolewa bandani, zinapanguswa vumbi, majirani wanakuja, vijana wanapiga picha. Mimi pia hupiga. Zinapendeza, tusidanganyane.

Land Rover yenyewe ni mtoto wa vita. Mwaka 1947, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya Marekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake Wales. Akaona afadhali kampuni itengeneze yake. Aprili 1948 ikazinduliwa Amsterdam. Bodi ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgao, na zile za kwanza zilipakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi za ndege za jeshi. Miaka minne baadaye, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari Kenya, na gari hilo la mkulima likawa gari la msako.

Kwa hivyo gari ni moja, kumbukumbu ni mbili. Mzee wa Uasin Gishu atakuambia lilibeba maziwa, mbolea, na mama mjamzito usiku wa mvua. Nyanya wa Nyeri aliyehamishwa kwa nguvu enzi za Dharura anaweza kuusikia mlio huohuo na mwili ukasisimka. Hakuna anayedanganya kati yao.

Kizazi chetu nacho hakihitaji kuhadithiwa sana. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha, serikali iliita jeshi kusaidia polisi, na magari ya kivita yakaonekana barabarani Nairobi. Sikusikia mtu akisifia taa zake. Lakini Oktoba mwaka huohuo, mamia ya Land Rover yalipokusanyika Arusha kwa tamasha, simu zetu zilijaa video na mioyo mekundu. Gari la vita hupendeza likishazeeka, likishakosa wa kuliamrisha. Tunalipenda kwa sababu tumeamini kwamba haliji tena kwa ajili yetu.

Kuna watakaosema basi tuyauze yote kwa watu wa skrepa. Sikubaliani nao. Chuma kikiyeyushwa, ushahidi umeenda. Nenda Fort Jesus, Mombasa, utaona mzinga wa Königsberg, meli ya Wajerumani iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu, ikaendelea kupigana. Leo unaweza kuugusa kwa mkono wako. Chuma cha aina hiyo kinafundisha kuliko kurasa kumi za kitabu.

Shida yangu iko kwingine. Mzinga ule una jina la meli yake. Walioukokota walikuwa Waafrika, na majina yao hatunayo.

Ukisoma habari za Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, utakutana na magari ya deraya ya Rolls-Royce kwenye mapigano ya Salaita, karibu na Taveta, Februari 1916. Mpenzi wa magari atakusimulia injini yake mpaka chai ipoe. Lakini magari hayo hayakubeba vita ile. Mvua ikinyesha barabara zilikuwa tope. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 vijiji vilifagiliwa. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Risasi ziliua wachache. Waliosalia walirudi na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza: Kariokor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Tunaenda huko kununua viondo na kula nyama choma bila kujua tunatamka jina la nani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Gari kuu la vita vyetu lilikuwa mtu, na mtu hawezi kuegeshwa uani akapanguswa vumbi. Mkusanyaji huhifadhi kile kinachodumu, na chuma hudumu kuliko mgongo. Ndiyo maana onyesho lolote la magari ya kivita, hata likifanywa kwa moyo safi, linaanza likiwa limeegemea upande mmoja.

Hata wenye kazi ya kuhesabu wafu waliegemea upande huo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Barabara ya Kenyatta pale Nairobi iko sanamu ya mpagazi, pamoja na za askari, tangu 1928. Ni mmoja asiye na jina, kwa niaba ya wote.

Kwa hivyo jibu langu ni ndiyo, penda. Penda gia, penda harufu ya dizeli, waite majirani. Ila penzi hilo lina deni, na deni lenyewe si kubwa. Jaza gunia mahindi kilo 25 hivi, maana huo ndio uliokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi, uliweke kando ya gari. Kijana akitaka selfie, mwambie kwanza ajitwike, azunguke boma mara tatu, kisha umwambie wenzake wa umri wake walitembea hivyo miezi na miezi, kwa posho ya unga usioiva vizuri.

Shingo itamuuma kesho yake. Hiyo ndiyo sehemu ya onyesho ambayo hakuna fundi anayeweza kuipaka rangi.