Kicheko Kisichomkanyaga Mtu

Kicheko kimetiliwa shaka tangu enzi za Plato, aliyeona kuwa ndani yake hamkosi chembe ya kijicho. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes alikwenda mbali zaidi: mtu hucheka pale anapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwenzake. Kurani nayo, katika Surat al-Hujurat, inawakataza watu kudhihakiana, maana huenda anayedhihakiwa ndiye mbora. Katazo hilo ni la haki, na anayejua uchungu wa kuchekwa mbele za watu hatalipinga. Lakini je, ni kweli kwamba kila kicheko lazima kiwe na mtu anayekanyagwa? Nasema si kweli, na shahidi wangu ni Anthony Buckeridge, mwalimu Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 2004, aliyeandika vitabu zaidi ya 20 vya kuchekesha kuhusu mvulana aitwaye Jennings na shule yake ya bweni, Linbury Court.

Jennings alianza kusikika katika redio ya BBC mwaka 1948, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1950. Katika kitabu hicho kuna zoezi la kujiokoa na moto. Jennings analichukulia zoezi kwa uzito wote, kama alivyofundishwa, na kwa kuwa penye moto huitwa zimamoto, anawapigia simu zimamoto wa kweli, nao wanafika na gari lao. (Buckeridge mwenyewe alikuwa mzimamoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hakuwa akichezea jambo asilolijua.) Tutazame kichekesho kimetoka wapi. Mtoto si mjinga, wala hakukusudia utundu. Ametii kuliko walivyotarajia waliomwamuru. Hata Mwalimu Wilkins, mwenye hasira za karibu na sauti ya kutikisa madirisha, hafanywi adui. Chini ya makelele yake mna moyo mwema, na wavulana wanaujua. Nadharia ya Hobbes inakwama hapa, kwa sababu msomaji hapati nafasi ya kujiona bora. Anachokiona ni nia njema ikigongana na kanuni njema, na hilo limemkuta kila mmoja wetu.

Atakayepinga anaweza kumtaja George Orwell, ambaye mwaka 1940 alizishambulia hadithi za shule zilizokuwa zikichapwa magazetini kwa ajili ya wavulana: zimejaa majivuno ya kitabaka, na mgeni ndani yake ni kikaragosi tu. Orwell alikuwa na haki. Charles Hamilton, aliyeandika hadithi za aina hiyo kwa jina la Frank Richards, alimfanya mhusika wake Billy Bunter achekwe kwa unene na ulafi wake, tena alimjibu Orwell waziwazi kwamba wageni kweli ni watu wa kuchekesha. Hicho ndicho kicheko alichokieleza Hobbes. Lakini hoja hiyo inamsaidia Buckeridge, maana ametumia shule ileile ya bweni, kengele zilezile na walimu walewale, akavuna kicheko bila kumtafuta wa kudharauliwa. Na kama utamu wake ungetokana na majivuno ya tabaka la Waingereza wenye shule zao, usingevuka bahari. Huko Norwe Jennings aligeuzwa kuwa Stompa, mvulana wa Kinorwe katika shule ya Kinorwe, akapendwa redioni na kwenye filamu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kicheko kisicho na ubaya ni cha mtu asiyeijua dunia. Hapo maisha ya Buckeridge yanajibu. Baba yake, karani wa benki, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, naye alisomeshwa shule ya bweni kwa fedha za mfuko wa yatima wa makarani wa benki. Ukubwani alipinga vita na silaha za nyuklia kwa vitendo. Mtu wa namna hiyo hakuukosa ukatili wa kuandika. Aliujua, akakataa kuwapa watoto. Hobbes alieleza aina moja ya kicheko, ile mbaya, akadhani amevieleza vyote.