Mhasibu, Bibi na Kweleakwelea

Alipostaafu uhasibu Dar es Salaam, mzee mmoja alinunua ekari sita za mpunga katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali. Lori lililobeba vitanda, makabati na pampu ya maji lilibeba pia bunduki ya upepo. Sitampa jina mzee huyu kwa sababu hayupo. Ni mtu wa hadithi, kama sungura na fisi. Ndege waliomo, ulaji wao na madhara ya bunduki ile ndiyo mambo ya kweli. Tumwite Mhasibu.

Bunduki aliletewa na mpwa wake anayeishi Uingereza. Ilikuwa ile ya kukunja mtutu: unaukunja, springi inajikaza ndani, unachomeka kirisasi kimoja cha milimita 5.5, unaurudisha, unalenga. Mjini alikuwa akipiga makopo yaliyopangwa juu ya ukuta wa uani, na aliipenda kazi hiyo kuliko bao na kahawa. Sina neno na mapenzi hayo. Kulenga shabaha humfundisha mtu kutulia, kushusha pumzi, kuvuta kifyatulio bila papara, na wapo wastaafu wengi ambao kingewafaa kitu cha namna hiyo.

Mpwa, hata hivyo, alileta bunduki bila kuleta masharti yake. Kule England bunduki ya upepo isiyodaiwa kibali cha silaha ni ile isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, na Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata hiyo nayo lazima iombewe cheti. Mkulima wa England anayepiga njiwa pori wanaomlia mazao hufanya hivyo chini ya leseni ya jumla, inayomtaka awe ameshajaribu njia nyingine kama vile kuwatisha. Orodha ya ndege wanaoruhusiwa nayo hubadilika: shomoro walikuwemo, idadi yao ilipoporomoka wakaondolewa mwaka 2005. Mhasibu alichojua yeye ni kwamba bunduki yake haina baruti. "Ni ya upepo tu," alimwambia kila aliyeuliza.

Alipanda Saro, mbegu ambayo wakulima wengi wa huko wanaiamini, na mpunga ukatoka vizuri. Ulipoanza kutoa masuke, jirani alimletea waamiaji: bibi mmoja mkavu wa maneno na wajukuu zake wawili. Walisimamisha dungu katikati ya shamba, wakafunga kamba zenye makopo kutoka pembe hadi pembe, wakakusanya madonge ya udongo ya kutupa kwa kombeo. Kabla jua halijachomoza walikuwa juu, kamba inavutwa, makopo yanalia, watoto wanapiga kelele. Mchana ndege wanapopumzika vichakani nao walipumzika, wakala ugali wao, kisha jioni kazi ikaanza upya.

Mhasibu alitazama siku chache, akapiga hesabu ya ujira hadi mavuno, akashtuka. Anawalipa mtu mzima na watoto kwa kupiga kelele! (Kuhusu watoto kukosa shule msimu mzima alikuwa na hoja, ila hakuitoa hiyo.) Aliwalipa walichofanyia kazi akawashukuru.

"Nitawapiga mwenyewe," alisema.

"Mzee wangu," Bibi akamjibu huku akishuka ngazi ya dungu, "huyo ndege hana habari na mwenzake aliyekufa. Ukimnyima pa kutua, ndiyo ataondoka."

Mpunga ulikuwa unaingia kwenye maziwa. Punje ikiwa katika hali hiyo, ukiiminya inatoa uji mweupe, nayo ndiyo kweleakwelea anayoitaka. Huyu ni ndege mdogo, gramu 15 hadi 20, dume lina mdomo mwekundu na jike hubadili rangi ya mdomo wake wakati wa kuzaa. Mahindi hayagusi sana, maana punje ni kubwa kwa mdomo wake. Chakula chake cha asili ni mbegu za nyasi za porini. Mvua zikianza, mbegu zilizodondoka ardhini huota, chakula kinamtoweka mdomoni, naye huhama kufuata mahali ambako nyasi mpya zimeshazaa. Akikosa nyasi, au akikuta mpunga, mtama, uwele na ngano vimesimama njiani, hachagui. Huenda kwa makundi ambayo ukiyatazama kwa mbali utadhani moshi, na wataalamu wanamtaja kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani.

Siku ya kwanza Mhasibu aliona raha. Alikaa juu ya dungu lile lile la Bibi, akalenga, ndege akadondoka. Akakunja mtutu, akachomeka, akalenga tena. Kila aliyeanguka alimwandika kwenye daftari lenye mistari, tarehe upande wa kushoto, idadi upande wa kulia, jumla chini kwa wino mwekundu. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba ndege hawakuruka mbali. Bunduki ile haina mlio wa kutisha. Mmoja anaanguka, wanne walio karibu wanahamia suke la pili, mamia waliobaki wanaendelea kula. Kwa mwindaji hiyo ni bahati. Kwa mwenye mpunga ni msiba, na Mhasibu siku zile alikuwa ameshasahau kwamba yeye ni mwenye mpunga.

Baada ya juma moja bwana shamba alipita kwa pikipiki. Alionyeshwa daftari: ndege 412.

"Hongera, mzee," alisema, kwa sababu vijana wa kazi hiyo wamefundishwa adabu. "Shikamoo yangu ilikuwa haba. Sasa nikuulize, unajua mmoja anakula kiasi gani?"

Hakujua.

"Kama gramu kumi za nafaka kwa siku. Hao wako 412 ni kilo nne na kitu."

Mhasibu alinyamaza. Kirisasi huuzwa kwa kopo, kopo moja vipande 500, na alikuwa ameshamaliza makopo mawili kwa sababu si kila pigo lilipata. Bwana shamba akaendelea taratibu: kundi linalotua bondeni, tuseme ni laki tano tu, hula tani tano kwa siku. Mtu mwenye bunduki ya kuchomeka risasi moja moja, hata asipokosa kamwe, hata apige mia kwa saa, anaokoa kilo moja kwa saa. Tena haokoi shamba lake, maana nafasi ya aliyekufa inajazwa na mwingine kutoka kundi lile lile kesho asubuhi.

"Wanalala wapi?" bwana shamba akauliza.

Mhasibu alirudi nyuma kurasa kadhaa. Daftari lilijua wangapi wamekufa na saa ngapi. Halikujua jioni wanaelekea upande gani, wala kama wanalala kwenye matete ya mtoni au kwenye migunga.

Hapo ndipo palipokuwa na thamani yote. Serikali haiwezi kufukuza ndege shambani. Kinachofanyika ni kutafuta malazi yao na kunyunyiza sumu jioni wakiwa wamekusanyika. Kwa miongo mingi kazi hiyo imesaidiwa na eropleni za shirika la kikanda la kudhibiti nzige wa jangwani, lililoundwa mwaka 1962, na siku hizi droni nazo zimeingia. Mkulima anayeripoti malazi mapema kwa afisa kilimo amefanya zaidi ya bunduki mia. Sumu yenyewe, fenthioni, si ya kuchezea. Inashambulia mishipa ya fahamu, na haijui kutofautisha: bundi, mwewe na wengine wanaokula mizoga ya kweleakwelea hufa nao. Watu huokota ndege walionyunyiziwa na kuwapeleka jikoni, na hili lazima likemewe kila msimu. Wakazi wa Kondoa wamezoea kumtega kweleakwelea kwa mitego na nyavu, wakamla na kumuuza, na huyo wa mtego analika. Wa sumu halahala. Hata hivyo, pamoja na vifo vyote hivyo, bara zima la Afrika halijaweza kumpunguza ndege huyu kwa kudumu. Anazaa haraka na anahama mbali.

Laiti Mhasibu angeishia kwenye aibu ya hesabu. Kesho yake, kwa hasira, alianza kupiga kila chenye mbawa. Waliingia kwenye daftari minana wa manjano waliokuwa wakifuma viota mtoni, akaingia na mwewe. Mwewe mmoja hawezi kumaliza kundi, sitaki kumpa sifa asizo nazo. Lakini kila alipojitupa chini kundi zima liliruka na kukaa hewani kitambo, yaani alifanya kazi ya Bibi bila ujira, na Mhasibu akamshusha. Vilevile mamia ya virisasi vya madini ya risasi vilikuwa vimelala kwenye tope la majaruba, mahali ambapo bata maji huchokora chakula na kumeza vijiwe. Kule England risasi za madini hayo zilipigwa marufuku kuwindia ndege wa majini mwaka 1999 kwa sababu hiyo hiyo ya sumu.

Siku iliyofuata alishuka dunguni ili awe karibu zaidi, akapiga magoti kwenye tuta la jaruba. Mpunga ulikuwa usawa wa kifua. Aliona suke linayumba, ndege watatu juu yake, akavuta. Juu ya dungu kila alichopiga kilikuwa na ardhi nyuma yake. Akiwa amepiga magoti, mtutu ulikuwa sambamba na dunia, na Usangu ni tambarare. Kirisasi cha bunduki ya nguvu ile hutoka kwa mwendo wa karibu mita 180 kwa sekunde, na kikikosa ndege kinaweza kwenda mita mia kadhaa kabla ya kuanguka. Hiki hakikwenda mbali hivyo. Nyuma ya mpunga kulikuwa na njia ya mfereji, na njiani binti wa jirani alikuwa anatoka kuchota maji, ndoo ya lita 20 kichwani.

Alisikia kishindo kidogo, kisha maji yakaanza kumtiririkia begani. Alishusha ndoo. Tundu lilikuwa kiganja kimoja juu ya mahali palipokuwa paji la uso wake.

Mama wa binti hakupiga kelele wala hakutukana. Alikwenda na ndoo moja kwa moja hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji, akaiweka mezani, akakitoa kirisasi kilichobaki ndani, akakiweka kando yake. Mhasibu alipoitwa alianza na lile neno lake.

"Ni ya upepo tu, Mheshimiwa."

"Kaa hapo," mtendaji akamwambia, "nikuwekee ndoo kichwani, tumpe mwenzako aipige."

Wazee waliokuwa ukumbini waliinamisha nyuso. Mtendaji akauliza kibali cha kumiliki, hakikuwepo. Akauliza nani alimruhusu kuua mwewe, na hilo nalo halikuwa na jibu. Bunduki ilipelekwa kituo cha polisi siku ile ile. Mtu yeyote anayedhani chombo cha namna hii ni kitu cha kuchezea aanzie huko huko kituoni, kabla ya kukinunua. Na akishapata ruhusa, alengee kwenye kichuguu au tuta refu la udongo, ajue nani anapita nyuma.

Mhasibu alilipa ndoo na akaomba radhi mbele ya wazee. Mavuno yake yalikuwa pungufu mno kuliko ya jirani zake walioweka waamiaji, hasa majaruba yaliyo karibu na mto, ambako masuke yalisimama wima, mepesi, makapi matupu. Msimu uliofuata alipanda wakati mmoja na wenzake ili mpunga wake usiwe peke yake wenye maziwa bondeni, akang'oa magugu ya jamii ya nyasi yanayowaita ndege mapema, akafunika kitalu kwa wavu. Kila jioni alipanda kichuguu na daftari lile lile kuandika makundi yanaelekea wapi, akampigia simu bwana shamba.

Kisha akaenda kwa Bibi, na kanga doti moja mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wajukuu wapo shule," Bibi alisema kabla hajaulizwa. "Nitakuja na wanangu wakubwa, na hao wanakula sana. Nusu ya malipo naitaka kabla sijapanda dunguni."

Mhasibu akatoa pochi.

"Na ngazi," Bibi akaongeza, "uliivunja. Utengeneze."