Mtumishi wa Hoteli na Haki ya Nyumba Yake



Miongoni mwa wanaokuja kwangu kuuliza habari za dini yumo kijana mmoja aliye mhudumu wa mezani katika hoteli ya Dar es Salaam. Mkewe hutandika vitanda katika hoteli nyingine. Jioni moja, tulipokwisha somo letu, aliniuliza: "Maalim, je, si wajibu wangu kumwachisha mke wangu kazi? Nikirudi usiku chakula kimepoa, mtoto analia, na mama yake amelala kama gogo."

Nikamwuliza, "Mkeo huamka saa ngapi?" Akasema saa kumi ya usiku, ili achote maji, apike uji na kumpeleka mtoto kwa bibi yake kabla ya kupanda basi. "Na wewe?" Akanyamaza kidogo. Zamu yake huanza saa nane mchana.

Wewe usiyeifanya kazi hiyo, usiidharau. Haina Jumapili wala Idi. Wageni wanapokuwa wengi, mwezi wa Julai na Agosti na tena Desemba, ndipo watumishi huitwa wote, hata kama shule zimefungwa na watoto wao wako nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Mama aliyejifungua amepewa likizo ya siku 84, na akirudi kazini aruhusiwe kumnyonyesha mtoto kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Baba, kwa kawaida, amepewa siku 3. (Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, wamempa baba majuma 2.) Mtumishi azijue haki hizi na kuzidai kwa adabu. Lakini sheria ya serikali huhesabu saa za mwajiri tu. Saa za jikoni mwako, ndugu yangu, nani azihesabu?

Mtu asiseme kuwa uchumi wa mke ni aibu. Bibi Khadija r.a. alikuwa mfanyabiashara, naye Mtukufu Mtume s.a.w., kabla hajamwoa, alisafiri na mali yake mpaka Shamu. Tena Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, na saa ya Sala ilipofika akatoka kwenda kusali. Tazama basi jambo la ajabu: mwanamume apikaye hotelini huvaa kofia ndefu na kuitwa mpishi mkuu, lakini nyumbani huona haya kushika mwiko!

Bibi Fatima r.a. mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakupewa. Badala yake alifundishwa kumtukuza Mungu kabla ya kulala, mara 33, na 33, na 34. Wako waume wanaoitumia Hadithi hii kuwanyamazisha wake zao. Wanasahau kwamba Mtume s.a.w. alikwenda mwenyewe usiku nyumbani kwao, akaketi kati ya Fatima na Ali, na maneno yale akawafundisha wote wawili. Uchovu wa mke ulikuwa habari ya mume pia.

Nilimweleza kijana yule haya yote, na pia kwamba Kurani Tukufu, katika sura ya Bakara, inataka hata kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa shauri na ridhaa ya wazazi wote wawili. Ikiwa ziwa la mtoto lataka shauri, kazi ya mama yake je? Aliyewachekea wageni kutwa nzima na kuwauliza wapendalo, asiingie kwake akawa mgeni wa pili, kununa na kungoja sahani.

Sikusema hayo kwa kiburi. Katika chuo cha dini nilikosoma, ng'ambo, tulifua nguo zetu na kupika kwa zamu bila kunung'unika. Nilipooa nikasahau ujuzi huo wote kwa miaka mingi.

Baada ya mwezi hivi kijana alirudi. Mkewe hajaacha kazi. Yeye amebadilishana zamu na mwenzake siku mbili kwa juma, na asubuhi nyingine ndiye ampelekaye mtoto kwa bibi. Majirani walimcheka walipomwona akianika nguo ndogo kambani. Nikamwuliza aliwajibu nini. Akasema hakuwajibu kitu, kwa kuwa nguo zilikuwa bado nyingi ndooni. Kisha akafungua daftari lake, akanikumbusha mahali tulipoachia somo.