Juu ya bomba la moto

Katika visiwa vya Asia, kama Borneo, Sumatra na Luzon, watu walijua tangu zamani kuwasha moto kwa bomba dogo la pembe au la mwanzi. Ndani yake hupita kijiti kilichozungushiwa uzi wenye mafuta, na nchani hutiwa nyuzi laini za miti ya jamii ya mitende. Wakipiga kwa nguvu na kukitoa upesi, hewa iliyobanwa huwa moto sana, nazo nyuzi hushika. (Ndivyo mazuti yawakavyo katika mashini ya lori.)

Leo wako watu wenye viberiti tele wanaokusanya mabomba hayo na kuwashia moto porini. Je, ni mchezo tu? Sisi twasema: awashaye amheshimu fundi kuliko afungiaye kabatini, kwa sababu mkono wake umeonja kazi. Lakini liko deni jingine. Katika majumba ya makumbusho mara nyingi limeandikwa jina la aliyeleta chombo, si la aliyekichonga. Na anunuaye kwa fundi aliye hai, akibishana mpaka bei iwe ya chai, amelipa nini? Tundu likizidi upana kidogo tu, hewa hutoroka, na pembe nzima imepotea. Hiyo nayo ihesabiwe.