Mizani ya Uhai

Figo ni kiungo kidogo, na mwenye figo mbili nzima hazikumbuki mchana wala usiku. Kazi yake ni ya kimya: huchuja damu, hutenga taka na maji yaliyozidi, na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Zikishindwa zote mbili, taka husalia damuni, mwili huvimba, chakula hutapisha, na hatimaye moyo husimama. Kwa karne nyingi huo ulikuwa mwisho ambao tabibu aliutazama kwa mikono mitupu.

Mwaka wa 1943, katika Uholanzi iliyotawaliwa na majeshi ya Ujerumani, Willem Kolff alianza kutumia mtambo wa kusafisha damu nje ya mwili. Mtambo ule uliwafaa hasa wale ambao figo zao zingepona baada ya muda mfupi. Maana kila safari mishipa ilitobolewa upya ikaharibika, na mishipa ya mwanadamu ina hesabu. Mwaka wa 1960, katika mji wa Seattle, Marekani, Belding Scribner na wenzake walitumia kibomba cha Teflon kilichokaa mkononi mwa mgonjwa daima, kikiunganisha mshipa utokao moyoni na mshipa urejeao. Tangu hapo mtu ambaye figo zake zimekufa aliweza kuishi miaka.

Ndipo dawa ilipozaa swali ambalo ugonjwa haukuliuliza. Vitanda vilikuwa vichache, na wagonjwa wengi. Madaktari waliwatenga kwanza wale ambao miili yao ingestahimili tiba. Waliobaki walikuwa bado wengi kuliko nafasi. Basi iliundwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina, miongoni mwao mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani na daktari mpasuaji, wakaambiwa wachague. Walitazama umri, ndoa, idadi ya watoto, mapato, elimu, kazi, hata bidii ya mtu kanisani. Jarida la Life lilipoieleza habari hii mwezi wa Novemba 1962, wengi walifadhaika.

Msomaji, tusiwahukumu watu wale kwa haraka. Mzigo waliotwikwa ulikuwa mzito kuliko mabega yao. Tuulize badala yake: kosa lilikuwa wapi? Wako wasemao kwamba halikuwapo. Kwamba mama wa watoto sita ana haki kuliko kapera, maana kifo chake ni msiba wa nafsi saba. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini na tuifuate hata mwisho wake. Kama watoto huongeza thamani ya uhai, tasa ameadhibiwa mara mbili. Kama kazi huiongeza, aliyenyimwa kazi jana ananyimwa pumzi leo. Kama kanisa huiongeza, aliyesali peke yake chumbani amepotewa. Vipimo vilifanana na wapimaji. Mizani haikuwa na hila. Ila mawe yake yalichongwa nyumbani kwao.

Kwa maoni yangu, kazi ya mtu hupimika. Mtu mwenyewe hapimiki. Fundi hodari na alipwe zaidi, lakini ustadi wake haumpi haki ya kuvuta pumzi kuliko mwenzake. Penye uhaba, tabibu apime mwili tu, kisha zamu au kura iamue. Kura haina huruma, ni kweli. Lakini haimtukani anayekosa. Humwambia, "Hukupata", haimwambii, "Hukustahili."

Mwaka wa 1972 Marekani ilitunga sheria iliyoiwajibisha hazina ya taifa kulipa sehemu kubwa ya gharama ya tiba hii kwa karibu kila mgonjwa. Hapo ikadhihirika kwamba uhaba ule haukuwa amri ya mbinguni. Ulikuwa hesabu ya fedha, na hesabu ya fedha hubadilishwa na watu.

Kwetu hakuna kamati ya watu saba. Lakini mgonjwa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida, mara tatu kwa juma, yapata saa nne kila mara, mwaka hata mwaka. Asiye na bima, akimaliza kuuza ng'ombe na shamba, hurudi nyumbani. Nani aliyemhukumu? Hakuna aliyeketi, hakuna aliyepiga kura. Mfuko umekalia viti vyote saba, nao hauoni haya.

Iko njia nyingine, ya kupandikiza. Mjini Boston, Desemba 1954, mtu alimpa pacha wake figo moja. Na Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya kazi kama hiyo kwa mara ya kwanza katika Tanzania. Figo moja nzima humtosha mtu, na wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Anayetoa haulizi kama nduguye anastahili. Ila ukoo usimshurutishe, maana kilichotolewa kwa hofu si zawadi. Na si kila mgonjwa ana ndugu anayelingana naye.

Kwa hiyo hisani ya ndugu haiifuti deni ya jamii. Seattle walizitazama habari za wale waliowakataa. Sisi tunawakataa bila kuwauliza majina, kisha tunakwenda kuwazika.